NDEGE WA KINAMASI CHA MTO MARA

Wewe unayeishi Nyarero, au katika kijiji kingine cha Tarime au Serengeti, unaufahamu Mto Mara. Mto huu unaanzia Kenya, katika misitu ya Mau. Unapita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti. Kisha unafika katika nchi tambarare, na hapo mwendo wake unapungua. Maji yanatawanyika huku na huku. Mafunjo na matete yanaota kwa wingi, hata mtu akisimama kando hawezi kuuona mto wenyewe. Mwisho maji yanaingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma.

Ukipanda basi kutoka Tarime kwenda Musoma, unavuka mto huu katika daraja la Kirumi. Siku nyingine ukivuka, usilale. Tazama nje. Ile bahari ya majani mabichi unayoiona ndiyo kinamasi. Katika barua za serikali utaona pameandikwa "ardhi oevu". Ni kitu kile kile.

Katika somo hili tutasoma habari za ndege wa kinamasi, msimu kwa msimu. Labda utauliza: "Mimi ni mtu mzima, nina shamba na ng'ombe na watoto. Ndege wananihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Kabla ya kulijibu, soma kisa hiki.

Kisa cha korongo na viwavi

Mwaka mmoja nilikuwa nafundisha darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Tarime. Ilikuwa mwezi wa Desemba. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri na mahindi yalikuwa yamefika magotini. Asubuhi moja tukaona ndege wakubwa weupe wametua mashambani. Walikuwa wengi, pengine mia mbili au zaidi. Miguu yao ilikuwa mirefu na myekundu, midomo pia myekundu, na ncha za mabawa zilikuwa nyeusi. Walitembea polepole kati ya mistari ya mahindi kama watu wanaopalilia.

Siku hiyo hiyo watu wakagundua kwamba viwavijeshi wamejaa mashambani. Kijiji kikapata hofu. Mzee mmoja wa darasa letu akasema, "Mwalimu, hawa korongo ndio wanaoleta viwavi. Nimewaona tangu utoto wangu. Wakija hawa, viwavi wapo. Twendeni tukawapige." Vijana wakakimbia kuchukua marungu na mbwa.

Mimi sikujua la kusema. Nilikuwa na cheti cha ualimu, lakini habari za korongo sikufundishwa. Nikanyamaza.

Aliyesema ni mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, mtu asiyependa kusema sana. Alisema, "Mzee wangu, shikamoo. Mimi viwavi niliwaona siku ya Jumatano nilipokuwa napalilia. Walikuwa wadogo, wa kijani, chini ya majani. Siku ile hapakuwa na korongo hata mmoja. Leo ni Jumamosi ndipo korongo wamekuja. Sasa nani amemfuata mwenzake?"

Darasa zima likacheka, na mzee naye akacheka. Tukaenda shambani kutazama. Tukakaa kimya chini ya mti. Kila korongo alipoinamisha kichwa aliokota kiwavi. Aliokota, akameza, akapiga hatua, akaokota tena. Vijana wakaweka marungu chini.

Sisemi kwamba korongo waliyaokoa mashamba yote. Viwavijeshi wakiwa wengi sana hakuna ndege anayeweza kuwamaliza, na mwaka ule ilibidi dawa itafutwe. Lakini tungewafukuza korongo, tungekuwa tumewafukuza vibarua wasiodai mshahara. Mzee alikuwa ameona sawa: korongo na viwavi huonekana pamoja. Alichokosea ni nani alitangulia. Na yule mama alijua kwa sababu aliikumbuka siku.

Ndugu msomaji, hilo ndilo jibu la swali lako. Sasa tutazame misimu.

Vuli: wageni wanafika

Vuli huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Desemba. Wakati huo Ulaya baridi inaanza. Wadudu wanakufa au wanajificha, na ndege wanaokula wadudu wanakosa chakula. Basi wanasafiri kuja kwetu.

Wa kwanza kuwaona ni mbayuwayu. Wako mbayuwayu wakaao hapa siku zote, lakini katika miezi hii wengi sana huongezeka kutoka Ulaya na Asia. Watazame jioni. Wanaruka chini chini juu ya mafunjo wakikamata mbu na wadudu wengine hewani, na usiku hulala makundi makubwa ndani ya matete.

Baada yao wanakuja korongo weupe, wale wa kisa chetu. Hawa huzaliana Ulaya. Huko hujenga viota juu ya mapaa ya nyumba na juu ya nguzo, na watu wa huko huwapenda sana. Kutoka Ujerumani mpaka Mara ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa njia iliyonyooka. Lakini korongo hawapiti njia iliyonyooka. Hawawezi kupiga mabawa mwendo wote huo, kwa sababu wangechoka. Wanategemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini. Hewa hiyo inawainua juu kama karatasi juu ya moto, kisha wao wanateleza mbele bila kupiga mabawa. Juu ya bahari kubwa hewa ya namna hiyo ni haba. Kwa hiyo wengi wao wanaizunguka bahari. Wanapita Uturuki, wanapita Misri, halafu wanafuata nchi kavu mpaka kwetu.

Watu wa Ulaya walijuaje kwamba korongo wao huja Afrika? Zamani hawakujua. Wengine walidhani ndege hao hujificha chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, mtu alimpiga korongo. Walipomwangalia, wakakuta mshale mrefu umemchoma shingoni na kubaki humo. Mshale ule ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 80, na mti wake ulikuwa wa Afrika. Mwafrika mmoja alikuwa amemlenga korongo huyo, akamjeruhi, na ndege akaruka na mshale wake mpaka Ulaya! Korongo yule alikaushwa, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa hiyo mmoja wa walimu wa kwanza wa somo hili alikuwa mwindaji wa Afrika ambaye jina lake halijulikani. Yeye mwenyewe hakupata habari.

Siku hizi wataalamu hawatumii mshale. Humvika ndege pete nyepesi mguuni. Pete hiyo ina namba, na kwa kuwa sasa unajua kusoma, unaweza kuisoma. Ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, andika namba na maneno yote yaliyoandikwa juu yake, andika tarehe na mahali, kisha peleka habari ofisi ya kijiji au kwa afisa wa maliasili. Usiitupe. Pete moja kama hiyo inaweza kueleza safari ya maelfu ya kilomita.

Januari na Februari

Mvua hupungua. Wageni bado wapo, lakini wanaanza kukusanyika. Mnamo Februari na Machi utaona korongo weupe wakizunguka juu sana angani, duara juu ya duara, mpaka wanakuwa kama vumbi. Wanarudi kwao kuzaa. Siku utakayoona hivyo, iandike.

Masika: wenyeji wanajenga

Machi hadi Mei ni masika. Maji ya kinamasi yanapanda. Sasa tazama wenyeji.

Mnana, yule ndege mdogo wa manjano, anasuka kiota chake kwa majani mabichi na kukining'iniza juu ya maji. Dume ndiye fundi. Jike akija akikagua kiota na asikipende, dume huanza kazi upya. (Katika darasa letu akina mama waliipenda sana habari hii.)

Penye yungiyungi kuna ndege mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani bila kuzama. Kwa ndege huyu mambo ni kinyume: jike hutaga mayai na kuondoka, na dume ndiye anayeatamia na kulea vifaranga. (Habari hii akina baba hawakuipenda sana.)

Ndani ya mafunjo yuko ndege mwingine ambaye huenda usimwone, ila utamsikia. Mgongo wake ni mweusi, kifua ni chekundu kama damu, na utosi ni wa manjano. Huyu haishi katika msitu wala shambani. Anaishi ndani ya mafunjo tu, na mafunjo anayoyapenda ni haya yanayozunguka Ziwa Viktoria na maziwa na mito ya jirani. Mafunjo yakiisha hana pa kwenda.

Lakini ndege ninayetaka umwangalie zaidi ni korongo taji. Unamjua: ana taji la dhahabu kichwani, mashavu meupe, na huruka akilia kwa sauti inayosikika mbali. Wenzetu wa Uganda wamemweka katika bendera yao. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi, na hucheza ngoma. Huinama, huruka juu, hufungua mabawa. Nimewahi kuona watoto wa shule wakisimama njiani kuwaiga mpaka wakachelewa.

Korongo taji hujenga kiota chini, katikati ya majani ya kinamasi, mahali penye maji. Hutaga mayai mawili hadi manne na kuyaatamia karibu mwezi mmoja. Maji yanayozunguka kiota ndiyo ukuta wa nyumba yake. Mbwa hafiki, mbweha hafiki, mtoto mtundu hafiki. Sasa fikiri. Mtu akichimba mfereji kukausha kinamasi ili alime, ukuta umebomoka. Watu wengine pia huwachukua makinda na kuwauza wafugwe. Kwa sababu hizo korongo taji wamepungua sana Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2012 wamo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka.

Ni kweli korongo taji hufukua mahindi yaliyopandwa karibuni. Mkulima akilalamika, ana haki. Shamba lililopandwa hulindwa siku chache tu, mpaka mbegu ziote na kushika mizizi. Baada ya hapo ndege huyu hula zaidi panzi, wadudu na mbegu za majani.

Kiangazi: maji yanapungua

Kuanzia Juni mpaka Septemba jua ni kali na maji yanarudi nyuma. Samaki wanabaki katika madimbwi, na huu ni wakati wa wavuvi wenye mabawa. Mnandi mweusi anazama na kuibuka. Mdiria anasimama hewani juu ya maji akipiga mabawa, kisha anaanguka kama jiwe. Kwazi, yule tai mwenye kichwa cheupe, anakaa juu ya mti mkavu na kulia kwa sauti kubwa akitupa kichwa nyuma. Yangeyange wanafuata ng'ombe malishoni, kwa sababu ng'ombe akitembea panzi wanaruka, na yangeyange anapata chakula bila taabu. Juu zaidi ya mto, upande wa Serengeti, nyumbu wanavuka mto katika miezi hii na maelfu hufa maji. Huko tai na kongoti wanashiba.

Hapo ndipo pia moto unapowashwa. Watu huchoma mafunjo ili wapate majani mapya ya mifugo, au wapate mahali pa kulima. Sitaki kukudanganya: udongo wa kinamasi una rutuba, na mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa asiutazame. Lakini mafunjo yana kazi. Mizizi yake huzuia tope linaloteremka kutoka milimani. Katika vivuli vyake samaki wadogo hukua. Nayo ndiyo yanayotupa mikeka na ya kuezekea. Moto ukipita, mayai na makinda yaliyomo huungua, na mvua ya kwanza inapeleka majivu na tope mtoni.

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara katika sehemu za huku chini yaligeuka kuwa meusi, na samaki wengi wakafa. Serikali ilikataza kwa muda kuvua samaki na kutumia maji hayo. Kamati iliyochunguza ilisema kwamba kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza vilipunguza hewa ndani ya maji, samaki wakakosa pumzi. Watu wengi walibisha maelezo hayo. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mto ukiharibika, wa kwanza kuonyesha ni viumbe wa majini na wale wanaowala. Siku ukiona kwazi hayupo kwenye mti wake, au ukiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiendelee na safari yako tu. Toa habari kijijini.

Ndege anayekula gunia

Sasa tumtaje adui. Kweleakwelea ni mdogo kuliko kifaranga cha kuku, lakini hutembea kwa makundi kama wingu. Hulala ndani ya matete na miiba. Hupenda mtama, uwele, ulezi na mpunga. Tufanye hesabu pamoja.

Ndege mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku.
Ndege 100 hula kilo 1.
Ndege 10,000 hula kilo 100, yaani gunia moja.
Ndege 1,000,000 hula magunia 100. Kwa siku moja!

Ukiona mahali wanapolala au kujenga viota, mwambie Bwana Shamba mapema, kabla nafaka haijakomaa. Serikali huweza kuleta ndege ya kunyunyizia dawa. Ikinyunyizwa, usiokote ndege waliokufa ili uwale. Nyama hiyo ina sumu. Huko Kondoa watu huwatega kweleakwelea kwa nyavu na kuwala, na hao ni salama kwa sababu hawakupigwa dawa.

Habari ya sumu haiishii hapo. Huko Bunyala, Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, imeonekana watu wakitia dawa ya wadudu ndani ya konokono na kuitega kwenye majaruba ya mpunga. Korongo wala konokono wakila wanaanguka, na nyama yao inauzwa. Anayenunua hajui amenunua nini. Kwa hiyo mtu akikuletea ndege wa majini kwa bei rahisi, na huoni jeraha la mtego wala jiwe mwilini mwake, mrudishie.

Jinsi ya kutazama

Nenda asubuhi mapema au jioni. Usivae nguo nyeupe. Kaa kimya mahali pamoja, ndege watakuzoea. Usikaribie ukingo wa maji wala kuingia ndani ya mafunjo, kwa maana mamba na viboko wapo, na wao hawatoi taarifa. Mahali pazuri ni penye mwinuko, mbali kidogo na maji.

Chukua daftari na kalamu. Andika kama mfano huu:

"Jumatano, tarehe 14 Novemba. Asubuhi. Mvua jana usiku. Nimeona mbayuwayu wengi juu ya matete. Korongo weupe hawajafika. Viwavi wadogo wameonekana kwenye mahindi ya jirani."

Mistari michache inatosha. Ukiandika mwaka mzima, mwaka unaofuata utafungua daftari lako na kusema korongo walifika lini, mvua ilianza lini na viwavi walitokea lini, bila kubishana.

Maswali

1. Mto Mara unaanzia wapi, na unaishia wapi?
2. Yule mama alijuaje kwamba korongo hawakuleta viwavi?
3. Kwa nini korongo weupe hawavuki bahari kubwa?
4. Kundi la kweleakwelea 50,000 litakula magunia mangapi ya kilo 100 kwa siku mbili?
5. Korongo taji anaitwaje kwa lugha ya nyumbani kwenu? Waulize wazee, kisha uandike jina hilo.
6. Jadilini darasani: Mtu wa kijiji chenu anataka kulima ndani ya kinamasi kwa sababu shamba lake la juu limechoka. Mtamshauri nini? Kila mmoja aseme, na mwanakisomo mmoja aandike.